Kutoka Kuinua Hadi Kupakata: Historia ya Malkia wa Pentakeli

Mwanamke amekaa kwenye kiti cha enzi cha jiwe, nje kabisa, mbali na kuta za jumba lolote. Gauni lake ni jekundu, na shela ya kijani imemfunika kichwa na mabega na kushuka hadi chini. Juu yake matawi ya waridi yamejipinda kama upinde wa mlango. Mkono wa kiti umechongwa kichwa cha mbuzi. Kwenye pembe ya chini, kulia, kuna sungura nyasini. Mapajani mwanamke huyu amepakata sarafu kubwa ya dhahabu yenye nyota ya ncha tano. Ameishika kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, na anaitazama kama mama amtazamavyo mtoto mchanga aliyepata usingizi.

Huyu ni Malkia wa Pentakeli, mmoja wa watu 16 wa kifalme katika pakiti ya taroti yenye karata 78. Mpiga ramli wa karata ukimuuliza leo maana yake, atakwambia ni mama mlezi: mwanamke wa shamba na jiko, anayelisha watu, anayejua thamani ya fedha na pia wakati wa kupanda. Wengi huongeza kwamba maana hiyo ni ya kale, imetoka Misri au imezaliwa pamoja na karata zenyewe. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Kwa karne nyingi malkia huyu hakuwa mlezi wa mtu. Alikuwa tajiri, baadaye akawa tajiri mkarimu, na ulezi umemjia katika miaka 120 hivi ya karibuni. Kiswahili kinatusaidia kuona tofauti ambayo vitabu vya taroti hupenda kuifuta: mkarimu hutoa alichonacho kisha akaenda zake, mlezi hubaki. Historia ya karata hii ni safari kutoka neno la kwanza hadi la pili.

Naibu bila malkia: kabla ya 1440

Karata ziliingia Ulaya kutoka nchi za Waislamu katika miaka ya 1370. Mwaka 1377 mji wa Florence uliupiga marufuku mchezo mpya wa karata, na mwaka huohuo mtawa Mdominiko, Johannes wa Rheinfelden, aliandika maelezo marefu kuhusu karata na namna zinavyofanana na jamii ya watu. Waitalia wa wakati huo waliziita naibi, na Wahispania mpaka leo huziita naipes. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwa kuwa neno ni lilelile tulilolipata kwa Waarabu: naibu.

Pakiti ya Wamamluk iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul, inatueleza jina hilo limetoka wapi. Ina mafungu manne: vikombe, panga, magongo ya polo na dirhamu. Kila fungu lina wakubwa watatu, yaani malik, naibu wake, na naibu wa pili. Hakuna malkia. Hakuna hata sura ya mtu, kwani wakubwa hao wanatambulishwa kwa maandishi na nakshi tu. Kwa hiyo katika chimbuko la fungu la sarafu hakuna mwanamke wa kulea wala wa kutolea. Kuna fedha, na kuna ngazi ya vyeo vya wanaume.

Malkia aliingia Ulaya. Johannes wa Rheinfelden alikwisha kutaja pakiti zenye malkia, na karata za Kijerumani za karne ya 15 zinawaonyesha. Sababu si ngumu kuikisia: mafundi waliokuwa wakichora sura za watu walichora baraza walilolijua, na baraza la mfalme wa Ulaya lilikuwa na mke wa mfalme ameketi mbele ya wote.

Sarafu ya kweli: Milano, karne ya 15

Taroti yenyewe ni mchezo wa kaskazini mwa Italia. Rekodi zake za kwanza ni za miaka ya 1440, kutoka Florence na Ferrara. Waliouanzisha waliongeza karata 22 za turufu juu ya mafungu manne ya kawaida, na kila fungu likawa na wakubwa wanne: mfalme, malkia, mpanda farasi na kijana. Pakiti maarufu kuliko zote za mwanzo, ile ya Visconti-Sforza, ilichorwa Milano yapata 1450, na kwa kawaida hunasibishwa na mchoraji Bonifacio Bembo. Karata zake 74 zimesalia, zikiwa zimegawanyika kati ya New York na Bergamo. Katika nne zilizopotea, mmoja ni mpanda farasi wa sarafu. Malkia wake yupo, ana taji, na ameshika sarafu kubwa ya dhahabu.

Sarafu hiyo ilikuwa na maana gani kwa walioishika? Jibu liko kwenye pakiti nyingine ya nyumba hiyohiyo ya watawala, ambayo sehemu yake kubwa iko katika Chuo Kikuu cha Yale. Humo karata za sarafu zimegongwa alama ya sarafu halisi ya dhahabu ya Filippo Maria Visconti, mtawala wa Milano. Mchezaji aliyezitandaza mezani alitandaza picha ya fedha iliyokuwa mfukoni mwake. Hapakuwa na udongo, hapakuwa na nyota ya ncha tano, hapakuwa na fumbo. Binti wa Filippo Maria, Bianca Maria, aliolewa na jemadari Francesco Sforza mwaka 1441, na mji wa Cremona ulikuwa sehemu ya mahari aliyokwenda nayo. Katika dunia ya namna hiyo, mwanamke mwenye taji na dhahabu mkononi alikuwa picha ya kitu cha wazi: mali inayohama kutoka ukoo hadi ukoo kwa njia ya ndoa.

Kwa zaidi ya miaka 300 baada ya hapo, kazi kubwa ya malkia huyu ilikuwa kuhesabiwa. Katika michezo mingi ya taroti mfalme alikuwa na pointi 5, malkia 4, mpanda farasi 3, kijana 2. Karata za Marseille, zile zilizoenea Ufaransa nzima na ambazo pakiti ya Nicolas Conver ya 1760 ndiyo mfano wake mashuhuri, zinamwonyesha na fimbo ya enzi mkono mmoja, na mkono mwingine ameinua sarafu mbele ya uso. Ameinua, kama mtu anayekagua dhahabu kwenye mwanga au anayeionyesha kwa watu. Mkao huo tuukumbuke.

Wareno walizichukua karata zao hadi pande zetu, na lugha yetu imeuhifadhi ushahidi. Neno karata lenyewe ni lao. Shupaza ni panga za Kireno, kopa ni vikombe, pau ni magongo, na uru ni ouros, yaani dhahabu. Mchezaji wa Lamu au Tanga anayetupa uru mezani anatamka jina la fungu la sarafu, ingawa karata aliyoishika imechorwa almasi nyekundu. Hata Wajapani walipokea neno karuta kutoka kwa mabaharia haohao. Popote walipofika na karata zao, lile fungu lilikwenda kwa jina la dhahabu. Hakuna mahali lilipoitwa ardhi.

Tajiri mkarimu: Paris, 1770–1791

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalitokea Paris. Mwaka 1781 mchungaji na mwanazuoni Antoine Court de Gébelin alichapisha, katika juzuu ya nane ya kazi yake juu ya ulimwengu wa kale, dai kwamba taroti ni kitabu cha makuhani wa Misri kilichojificha ndani ya mchezo. Hakuwa na ushahidi, na maandishi ya Misri hayakuwa yamesomwa na mtu yeyote wakati huo. Lakini dai lilipendwa, na toka siku hiyo karata zikaanza kutafutiwa siri.

Tuangalie jinsi Gébelin alivyoyagawa mafungu manne. Panga aliziweka kwa watawala na wapiganaji, vikombe kwa makuhani, sarafu kwa wafanyabiashara, na kilimo akakiweka kwenye magongo. Hili ni jibu tosha kwa wanaosema kwamba fungu la sarafu siku zote lilikuwa fungu la udongo kwa kuwa dhahabu huchimbwa ardhini. Hoja hiyo inavutia masikioni, lakini mtu wa kwanza kuitafutia taroti maana ya siri hakuiona. Yeye alipotafuta jembe na shamba alitazama gongo la mti, na alipotazama sarafu aliona soko.

Mwenzake wa zama hizo, Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake kinyumenyume akajiita Etteilla, ndiye aliyeifanya ramli ya karata kuwa kazi ya mtu. Alitoa kitabu cha kubashiri kwa karata za kawaida mwaka 1770, akafuatia na maandishi juu ya taroti katika miaka ya 1780, kisha pakiti yake mwenyewe mwaka 1789. Kila karata aliipa maana ya kukariri, ikikaa wima na ikipinduka. Maana za mkondo huo tunazikuta zimekusanywa London mwaka 1888 katika kijitabu cha S. L. MacGregor Mathers. Humo Malkia wa Pentakeli ni mwanamke mwenye nywele na macho meusi, mtoaji, mwenye moyo mkubwa. Akipinduka, ni mwanamke wa kushukiwa, na shaka hiyo ni ya haki.

Huyo ni mwanamke wa aina gani? Ni bibi mwenye nacho. Wema wake hupimwa kwa anachokitoa, na ubaya wake huanzia pale watu wanapojiuliza mali ameipataje. Hakuna mtoto katika maelezo hayo, hakuna chakula, hakuna mnyama wala mmea. Wanaotetea ukale wa maana ya leo husema ukarimu na ulezi ni kitu kimoja kwa majina mawili. Sikubali. Tajiri anayetuma magunia ya mchele kwenye msiba ni mkarimu, na Mungu amlipe. Anayekaa na wafiwa siku arobaini, akipika na kuosha vyombo, anafanya kazi ya namna nyingine, na jamii nyingi, Ulaya ya Etteilla ikiwemo, zimemheshimu wa kwanza na kumsahau wa pili. Mtu anayeyachanganya maneno hayo mawili hataona kilichobadilika baadaye kwenye karata.

Udongo unaingia: 1854–1901

Udongo uliingia kwa mlango wa nadharia. Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Alphonse Louis Constant, aliyeandika kwa jina la Éliphas Lévi, aliyafunga mafungu manne ya taroti na herufi nne za jina la Mungu kwa Kiebrania, na sarafu akaisoma kama duara la hirizi, chombo cha mganga. Hapo ndipo fedha ilipoanza kuacha kuwa fedha. Jina pentakeli, ambalo waandishi wa Kiingereza walilichukua baada yake, lilikamilisha kazi: sarafu ikavalishwa nyota ya ncha tano, na anayeitazama akasahau kwamba iliwahi kununua mkate.

Mwaka 1888 Mathers na wenzake wawili, William Wynn Westcott na William Robert Woodman, walianzisha London chama cha siri cha Golden Dawn. Wao walipenda mpangilio kamili, na mpangilio wao ndio unaotumika karibu kila mahali leo: magongo ni moto, vikombe ni maji, panga ni hewa, pentakeli ni udongo. Yeyote aliyesikiliza falaki ya Pwani anaufahamu mgawanyo huu, kwani ndio unaozigawa nyota zetu, na Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi zikawa za asili ya udongo. Chimbuko ni moja, elimu ya Wagiriki iliyopita mikononi mwa Waarabu.

Golden Dawn hawakuishia hapo. Malkia wote wanne waliwapa asili ya maji. Malkia wa fungu la udongo akawa, kwa hesabu yao, maji ndani ya udongo, na mkulima yeyote anajua udongo uliolowa ni wa nini. Kisha wakampa sehemu ya anga kuanzia digrii 20 za Mshale hadi digrii 20 za Mbuzi, na alama yake ikawa kichwa cha mbuzi mwenye mabawa. Hivyo yule mbuzi wa kwenye kiti cha enzi hakutoka kijijini. Alishuka kutoka kwenye jedwali la nyota.

Hata hivyo maelezo yao ya tabia ya malkia huyu hayana mama ndani yake. Walimwandika kuwa mpole, mwenye moyo mkubwa, mwenye haya, mwenye akili na huzuni, hali yake ikibadilikabadilika. Nadharia ilikuwa imemwandalia shamba lenye rutuba, ila hakuna aliyekuwa amempanda humo.

Mchoro wa 1909

Aliyempanda ni Pamela Colman Smith. Alizaliwa London mwaka 1878 kwa wazazi Wamarekani, akaishi sehemu ya utoto wake Jamaica, akasomea sanaa katika taasisi ya Pratt, Brooklyn. Mwaka 1899 alichapisha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja ambaye watu wa Afrika Magharibi walimvusha bahari ndani ya vifua vyao hadi Karibi. Alijua jukwaa la maigizo, na alizoea kumweka mtu mmoja mbele ya mandhari na kumwachia mwili wake useme. Aliingia Golden Dawn mwaka 1901. Arthur Edward Waite, mwanachama mwenzake, alipotaka pakiti mpya ya taroti, alimpa yeye kazi. Ilichapishwa na William Rider & Son, London, Desemba 1909.

Maelezo ya Waite juu ya karata hii ni mafupi. Anataja uso wa mwanamke mweusi wa nywele, ukubwa wa roho yake, uzito wa akili yake, na kwamba anaitafakari alama aliyoishika. Baada ya hapo anarudia orodha ya zamani: utajiri, ukarimu, usalama, na kinyume chake shaka na hofu. Hasemi neno juu ya waridi. Hasemi neno juu ya mbuzi. Sungura hamtaji kabisa. Kwa maneno matupu, malkia wa Waite angali yule bibi wa Etteilla aliyeongezewa fikra.

Mchoro unasema jambo jingine. Smith alimtoa malkia nje ya jumba, akamfunika kwa waridi, akamwekea mnyama anayezaa kuliko wengi miguuni pake, na, kubwa zaidi, aliuvunja ule mkao wa karata za Marseille. Sarafu haikuinuliwa tena mbele ya uso. Ilishushwa mapajani, ikashikwa kwa mikono miwili, na shingo ikainama. Hapo ndipo ukarimu ulipogeuka ulezi, kwa kalamu ya mchoraji, kabla mwandishi yeyote hajalitaja jambo lenyewe. Mtu aweza kupinga kwamba Smith alifuata tu maagizo. Kwa karata 22 za turufu Waite alijali sana alama zilizomo. Kwa mafungu manne maelezo yake ni membamba, na wanahistoria wengi wa taroti wanakubali kwamba hapo mchoraji alipata uhuru. Karata hii ni ushahidi mzuri wa uhuru huo, maana picha imebeba mengi kuliko maandishi.

Kuitwa mama: 1944–1983

Maneno yalichelewa kuifikia picha. Aleister Crowley, katika kitabu chake cha 1944 kilichoambatana na michoro ya Frieda Harris, alimwita Malkia wa Visahani na kumweka akitazama jangwa kutoka kwenye kijani, mbuzi akiwa karibu. Alimsifu kwa upendo, bidii na utulivu wa nyumbani, halafu akaongeza kwamba watu wa namna yake hawana akili nyingi na huweza kuponzwa na ulevi. Ni sifa ya bwana anayemsifu mpishi. Lakini hata dharau yake inatufaa kama ushahidi: kazi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuingia kwenye karata, ingawa aliyeitaja aliiona ndogo.

Heshima ilikuja kutoka upande mwingine. Eden Gray alichapisha New York mwaka 1960 mwongozo wa taroti kwa lugha nyepesi, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Stuart Kaplan ilisambaza pakiti ya Waite na Smith Marekani nzima. Watu wengi zaidi wakaanza kutazama picha bila kukariri orodha za Etteilla. Ni zama zilezile ambapo Siku ya Dunia iliadhimishwa mara ya kwanza, mwaka 1970, na ambapo wanawake, kuanzia Padua, Italia, mwaka 1972, walianza kampeni ya kudai kazi ya nyumbani ilipwe ujira. Sidai kwamba waliopiga ramli na walioandamana walikuwa watu walewale. Nasema walikuwa wakijibu swali moja: anayelea na kulisha anafanya kazi, au anaonyesha tu tabia njema? Picha ya mwanamke aliyepakata sarafu kama mtoto ilikuwa na jibu tayari, kwani iliziweka fedha na malezi juu ya paja moja.

Vicki Noble na Karen Vogel wa California walitoa mwaka 1981 pakiti ya Motherpeace, karata za duara, ambamo malkia wote waligeuzwa makuhani wa kike. Rachel Pollack, katika juzuu mbili za 1980 na 1983, aliwafundisha wasomaji kuisoma picha ya Smith sehemu kwa sehemu, mmea kwa mmea. Baada ya hapo mama mlezi hakung'oka tena.

Wapo wanaosema, kwa kumfuata mwanasaikolojia Jung, kwamba mama wa ardhi yumo ndani ya kila binadamu, na kwamba karata ilimfichua tu. Huenda kila jamii ina picha ya mama. Hilo halielezi kwa nini alikaa miaka 460 katika pakiti asionekane, wala kwa nini alionekana kwenye fungu la sarafu badala ya vikombe, ambavyo ni alama ya karibu zaidi na matiti na maziwa. Wengine, kinyume chao, husema maana yenye umri wa miaka mia ni ya kubuni, basi haina thamani. Lakini maana zote za karata zilibuniwa na mtu fulani, ile ya Gébelin ikiwemo, na hii angalau tunamjua aliyeanza kuichora na tunajua alikuwa akitazama nini.

Smith mwenyewe alimwandikia rafiki yake Alfred Stieglitz mwaka 1909 kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo madogo sana. Pakiti ikajulikana kwa jina la mchapishaji na la Waite. Alifariki Bude, Cornwall, mwaka 1951, akiwa na madeni. Mwaka 2009, pakiti ilipotimiza miaka 100, toleo moja lilitoka na jina lake mbele ya la Waite. Atakayeichukua karata na kuisogeza kwenye mwanga ataikuta alama yake chini ya picha, herufi tatu zilizosukwa pamoja kama kijiti cha mzabibu: P, C, S.